Nilivyotafuna Salamu za Kijiji

Juzi asubuhi Kemi alinipigia simu, na nilijua kabla hajafungua mdomo. Kemi akipiga mwezi ambao si Desemba, ujue ama bomba limepasuka ama mtu amekufa, na bomba nilishalitengeneza mwenyewe. "Mujuni," akasema, "mama ametutoka. Tunamleta Jumamosi. Fungua nyumba." Basi. Yeye hakulia, mimi sikulia, nikauliza tu wanakuja wangapi, utadhani ni sikukuu. Nikachukua funguo, nikapanda mpaka kwenye ile nyumba kubwa ya mama yake, Ma Ernestina, hapa kwetu Buganguzi, Muleba, nikafungua madirisha yote, nikatoa magodoro juani. Godoro la chumba cha wageni bado lina nailoni yake ya dukani, na kona moja ya ile nailoni imechanika, ina alama za kucha. Nikalikalia pale uani. Likalia kwacha kwacha chini yangu, nikaanza kucheka peke yangu kama mwendawazimu, halafu kicheko kikakata katikati. Kucha zile ni za dada yangu. Na ile sauti ya nailoni ilinirudisha mpaka mwaka wa korona, mwaka ambao nilibeba aibu yangu mdomoni, na ladha yake naijua: chungu, yenye majani majani, na haitemwi.

Habari za ukoo wangu naziruka, ni watu kama watu. Wewe jua tu kwamba shule niliishia darasa la saba, kwamba Mujuni kwa Kihaya ni mwokozi, na kwamba mpaka mwaka ule sikuwa nimeokoa hata kuku. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kazi yangu ilikuwa kuitunza nyumba ya Ma Ernestina. Kama hujafika kwetu nikueleze. Watu wetu wanaoishi Dar wanajenga nyumba nzuri nyumbani, zenye vigae na vyoo vitatu, halafu wanalala humo wiki mbili za Desemba. Miezi mingine analala popo, na getini nalala mimi. Ndiyo maana kwetu Desemba siyo mwezi, ni watu. Tunasema, "Desemba wamefika?" na mtu anajibu, "Wameshafika, wana gari jipya." Kanisa linajaa mpaka nje, senene wanakaangwa kila jiko, rubisi, pombe yetu ya ndizi, inamwagika, watoto wa Dar wanauliza ng'ombe anang'ata au hang'ati. Na siku wanayofika, kabla hata mizigo haijashuka, majirani wanakuja na kahawa ya kutafuna, akamwani tunavyoiita, zile buni zilizochemshwa na majani ya dawa zikakaushwa. Mgeni anapokea kwa mikono miwili, anatafuna, basi amefika. Asipopokea hajafika, hata akikaa mwaka. Wazee wa zamani walikuwa wanaapiana undugu kwa kahawa hiyohiyo, ndiyo maana mpaka leo ukitafuna kahawa ya mtu huwezi tena kumfungia mlango. Hilo hata mtoto anayetambaa analijua.

Sasa mwaka ule, Desemba ilikuja Aprili. Shule zilikuwa zimefungwa nchi nzima, redio inasema nawa mikono, nawa mikono, na huko Dar watu wanaogopana. Mchana mmoja wa mvua nikaona gari la Ma Ernestina linapanda, limechafuka tope mpaka kwenye paa. Akashuka Kemi, binti yake, barakoa usoni na glovu za kuoshea vyombo mikononi. Akapuliza dawa kwenye kufuli. Akapuliza funguo. Akanipuliza na mimi kidogo.

"Mujuni, usisogee. Mita mbili."

"Za hatua yangu au ya kwako, Dada Kemi?"

Hakucheka. Nyuma walikuwepo watoto wake wawili, barakoa zao zina picha ya simba, na kiti cha mbele alikaa Ma Ernestina mwenyewe, ananipungia mkono kupitia kioo kama bibi harusi. Waliteremsha makatoni ya tambi, siki, maziwa ya unga, sabuni za kutosha kuosha wilaya. Walibeba hata vitunguu. Vitunguu, jamani, kuja Muleba! Jioni yake nikakata mkungu kutoka kwenye kibanja chao wenyewe, nyuma ya jiko lao wenyewe, Kemi akataka zile ndizi zioshwe kwa sabuni kabla hazijamenywa. Nikaziosha. Mkungu ukawa unang'aa kama umebatizwa.

Leo nikikumbuka siku zile, naona dirisha la jiko kwanza. Dirisha lile lilikuwa na wavu wa mbu na ukingo mpana wa saruji, na hapo ndipo yalipopita maisha yangu yote. Kemi anaweka sahani, anarudi nyuma, anasema "haya," mimi nasogea, nachukua, narudi kwenye kibanda changu cha getini. Tambi na sosi nyekundu. Kesho tambi na sosi nyekundu. Mimi niliyezaliwa kwa ndizi na maharage nilianza kuota nyuzi. Lakini Kemi akilala mchana, Ma Ernestina anakuja upande wake wa wavu na kibakuli cha ndizi alizopika kwa kuiba, ndizi na samaki mkavu, mvuke unapita kwenye matundu kabla ya chakula chenyewe. "Kula haraka kabla askari hajaamka," ananong'ona. Askari ni bintiye. Tukawa tunaongea hivyo, yeye ndani, mimi nje, wavu katikati, kama padri na mwenye dhambi, ingawa sisi wote ni Walutheri. Ananiuliza nani kaolewa, nani kafa, mbuzi wa nani kaingia shamba la nani. Alikuwa na kisukari na presha, miguu yake imevimba, lakini umbea wake ulikuwa na afya nzuri kabisa.

Kwa ajili ya hiyo sukari na presha, kila asubuhi Nesi Advera alipanda kilima kumpima. Zahanati yetu ilikuwa na nesi mmoja tu, huyohuyo, na benchi moja la nje. Mganga alishahamishwa na mwingine hajaletwa. Kwa hiyo Nesi akipanda kwa Ma Ernestina, mlango wa zahanati unafungwa, na benchi linajaa: mwenye malaria, mtoto wa kupimwa uzito, mzee wa mgongo, na dada yangu Koku mwenye tumbo la miezi tisa kama ngoma ya arusi. Mume wa Koku alikuwa visiwani kwenye uvuvi, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kliniki. Watu pale benchini walinung'unika, nisikudanganye. Mama mmoja alisema, "Wenzetu nesi anawafuata kitandani, sisi tunamfuata benchini." Nesi mwenyewe hakuwa mtu wa maneno. Alirudi anahema, anafungua kufuli, anaelekeza kile kipima joto chake cha mfano wa bastola kwenye paji la mtu, tiii, "Ingia." Siku ya kwanza alipomwelekezea Ta Yeremia, mzee alinyoosha mikono juu.

"Nesi, bojo, nihurumie, nina wajukuu!"

Huyo Ta Yeremia ndiye mwenye hadithi. Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mfupi wa koti refu, mgomvi wa mipaka ya mashamba, na alichunga mbuzi na Ma Ernestina utotoni. Siku ya pili tu baada ya gari kufika, huyo getini, kajifunga kanga ya mkewe mdomoni, mkononi ana kifurushi cha jani la mgomba.

"Nimekuja kumpa Ernestina pole ya safari."

"Amelala, Ta."

"Basi sitaingia, nasikia wana hiyo karantini. Mpe hii. Mwambie Yeremia amefika mpaka getini."

Akaweka kile kifurushi juu ya nguzo, akaondoka kinyumenyume kwa adabu. Kutoka barazani Kemi akapaza sauti: "Mujuni, nini hicho?"

"Kahawa, dada. Salamu."

"Choma moto. Na usimwambie mama. Unamjua, ataila."

"Dada Kemi, kahawa ya salamu haichomwi."

"Mujuni, watu wanakufa! Mama ana sukari! Unataka nimzike kwa ajili ya kahawa?"

Nikaenda nyuma ya kibanda, nikawasha kiberiti, nikaiangalia ile kahawa. Mkono ukagoma. Kuchoma salamu ya mtu ni kumwapiza. Kuitupa kwenye tope ni hivyohivyo. Kumrudishia ni kumwambia usoni kwamba amekataliwa. Ilibaki njia moja, na kwa akili yangu ya darasa la saba ilionekana ya busara sana. Nikaitafuna. Kesho yake akaja Ma Paulina na kikapu kidogo cha nyasi. Amelala, Ma. Nikatafuna. Wakaja wa kwa Josia, wakaja wa kwaya, akaja mpaka yule bibi asiyeona anayeongozwa na mjukuu. Wote amelala, amelala, mpaka mmoja akasema, "Huyu mama analala kama chatu aliyemeza mbuzi." Nikatafuna salamu za kijiji kizima, moja baada ya nyingine, na kama hujui kahawa hiyo inavyofanya nikuambie: sikusinzia wiki mbili. Mikono inatetemeka, moyo unadunda, macho makavu kama ya samaki wa mnadani. Kagera yote haikuwa na mlinzi kama mimi.

Ningenyamaza tu, pengine yasingeharibika. Lakini mdomo wangu huu haujawahi kukaa. Nikimpeleka Koku zahanati, benchi linaniuliza, "Kapokea?" nami najibu, "Kapokea kwa mikono miwili." Halafu naongeza chumvi: "Kasema kasinge waitu, asanteni jamani, Mungu awabariki." Ta Yeremia alipenga kamasi kwenye kanga ya mkewe. "Nilijua," akasema. "Mnamsema sana huyu, kumbe bado ni mtoto wa hapa." Na tangu siku hiyo ikawa mtu akinung'unika kuhusu Nesi kupanda kilima, Ta Yeremia anamkemea: "Nyamaza. Ernestina ametafuna kahawa yetu. Siku tukiwa na shida utaona."

Upande wa pili sasa. Mchana mmoja nimekuja kuchukua sahani, mdomo umejaa buni za Ma Paulina, nikasikia wanaongea jikoni.

"Leo siku ya ngapi?" Ma Ernestina anauliza.

"Ya tisa, mama."

"Siku ya tisa, hata mtu mmoja! Hata Yeremia! Yule nilikuwa namvalisha kaptula yake ikimvuka kwenye mteremko."

"Watu wanaogopa korona, mama."

"Korona hawaiogopi hawa, wanatuogopa sisi. Nimejenga nyumba kwenye nchi ambayo hakuna anayenijua. Nikifa mnizike hukohuko Dar, msisumbuke na gari."

Nikasimama na sahani. Akageuka, akaniona kwenye wavu, macho yake mekundu. "Mujuni, mwanangu, niambie ukweli. Hajapita mtu yeyote kuniulizia?" Nyuma yake Kemi alikuwa ananiangalia, anatikisa kichwa polepole. Nami nina salamu ya jirani yake chini ya ulimi. Nikameza.

"Hajapita, Ma."

Nimesema uongo mwingi maishani, mwingine kwa ajili ya kuchekesha tu, lakini ule peke yake ndio ninaoukumbuka na ladha yake. Jana nilisimama tena pale dirishani. Wavu umeota kutu. Nikajiuliza kama Kemi alikuwa mtu mbaya, na hata sasa nasema hapana. Alikuwa ameacha Dar watu aliowajua wakizikwa, akambeba mama yake njia yote ile kumleta mahali penye nesi mmoja na benchi moja, akidhani umbali ni dawa. Angefanya nini? Na mimi ningefanya nini? Hilo la pili ndilo linanishinda.

Siku kumi na nne zikaisha, Kemi akaongeza nyingine kumi na nne. Katikati ya hizo za nyongeza ndipo Koku aliposhikwa. Asubuhi nilimpeleka zahanati kwa miguu, anasimama kila mgomba, ananikamata bega, ananitukana, ananiambia nimchekeshe. Nikamchekesha. Mpaka saa saba mchana alikuwa ameacha kunitukana, na hapo ndipo nilipoogopa. Nesi Advera alitoka nje, akavua glovu, akanivuta pembeni chini ya upenu.

"Mtoto kakaa upande. Mimi siwezi. Anahitaji upasuaji, hospitali, na siyo kesho."

"Gari la wagonjwa?"

"Nimepiga. Liko Bukoba na mgonjwa mwingine, na wanasema barabara imejaa maji. Na pikipiki hapandi, Mujuni, usinitazame hivyo. Akipanda pikipiki tunawapoteza wote wawili."

Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka watu wanaongea kwa ishara. Benchi lote limesimama. Ta Yeremia akajikohoza, akafunga vifungo vya koti lake. "Mnahangaika nini? Gari lipo pale juu. Ernestina ametafuna kahawa yetu. Twendeni tukamwambie." Na wote wakaitikia, ndiyo, ndiyo, ametafuna, wakaanza kupanga nani aende, nani abaki na Koku. Nikatazama mlango wa zahanati. Ndani dada yangu alikuwa analia kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Wale wazee wanapanda kudai undugu ambao uko tumboni mwangu. Wakifika getini, Kemi atawaambia hapana, na Ma Ernestina hatatoka, kwa nini atoke kwa watu waliomsusa? Nikatoka mbio. Nilipita kwenye migomba, siyo barabarani, nikaanguka mara mbili, nikafika pale dirishani tope tupu kama kambale.

"Ma! Ma Ernestina!"

Akaja. Kemi naye akaja, "Mujuni, mita—"

"Walikuja," nikasema. "Ma, walikuja wote. Nilikudanganya. Walileta kahawa kila siku, wakasimama getini, nikawaambia umelala. Nao nikawadanganya kwamba umepokea. Sasa Koku anakufa pale zahanati, mtoto kakaa upande, gari la wagonjwa halipo, wazee wanapanda kuomba gari lako, wanajua umetafuna, na hujatafuna, nimetafuna mimi."

Ma Ernestina alinitazama mpaka nikatamani tope linimeze.

"Yeremia alikuja?"

"Mara tatu, Ma."

"Paulina?"

"Na kikapu chake."

"Na ukazitafuna?"

"Nikazitafuna."

"Zote?"

"Zote, waitu."

Akamgeukia binti yake. "Ulijua?" Ukaona kitambaa cha barakoa ya Kemi kinaingia na kutoka. "Mama, nilikuwa nakulinda," akasema. "Tukiwaingiza kwenye gari hatujui nani anayo. Labda wao. Labda sisi ndio tunayo, tumewaletea. Umewaza hilo?" Na hilo nakiri hakuna aliyekuwa amewaza. Ma Ernestina alishika ukingo wa dirisha. "Basi fungua vioo vyote," akasema, "ujifunge barakoa mbili, uendeshe. Mimi nitabaki. Wewe Mujuni, ingia ndani, chukua godoro la wageni." Nikauliza kama nitoe nailoni. "Acha nailoni!" wakasema wote wawili kwa pamoja, na hapo nikajua tumepona, maana walikuwa hawajakubaliana kitu tangu wafike.

Wazee walikuwa wamefika getini, wameloa, Ta Yeremia mbele, hotuba yake tayari mdomoni. Ma Ernestina akateremka kwa ile miguu iliyovimba, kanga kichwani, hakuvaa hata viatu. Wakasimama pande mbili za geti. Mzee akasalimu kwanza, "Ernestina, wasibota. Kahawa yetu uliyopokea—" Yeye akamkatiza: "Sikupokea, Yeremia. Hazikunifika. Unayo nyingine?" Mzee akamtazama, akanitazama mimi na godoro langu kichwani, nadhani alielewa yote palepale, maana aliniita jina la Kihaya ambalo sitaliandika. Kisha akaingiza mkono kwenye lile koti. Wazee wetu hawatembei bila kahawa, hata kwenye gharika. Akaweka buni tatu juu ya nguzo, akarudi nyuma hatua mbili, mita zake. Kemi kutoka kwenye gari akalia, "Mama!" Ma Ernestina akazichukua kwa mikono miwili, akazitia mdomoni na mvua yake. "Haya, nimefika," akasema huku anatafuna. "Nendeni mkamchukue mtoto."

Safari yenyewe naikumbuka kwa masikio. Koku kalala nyuma kwenye godoro, nailoni inalia kwacha kwacha kila shimo, Nesi Advera kapiga magoti pembeni yake, vioo vyote wazi, mvua inatuchapa pande nne. Zahanati tuliifunga kufuli, benchi likabaki peke yake. Kwenye bonde gari likazama. Kemi anakanyaga mafuta, tope linaruka, gari linazidi kukaa kama kuku anayeatamia. Ndipo watu wakatokea kwenye migomba, sijui nani aliwaambia, wenye majembe, wenye magunia kichwani, kwaya nzima nadhani, wakajibandika kwenye lile gari mabega na mashavu. Kemi akatoa kichwa nje anapiga kelele, "Mita! Jamani, mita!" na mwanaume mmoja chini ya taa ya nyuma akamjibu, "Dada, ukitaka mita mbili gari litabaki hapa mpaka Desemba!" Nikamsikia Kemi anacheka. Mara ya kwanza tangu aje. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, na wakasema moja mbili tatu, gari likatoka.

Koku alipasuliwa jioni. Daktari alituambia tungechelewa kidogo tu angekuwa anatuambia maneno mengine. Mtoto wa kike, mweusi wa kupendeza, kelele kama mashine ya kukoboa. Sikuulizwa jina lake liwe nani, hakuna aliyeulizwa. Aliitwa Ernestina kabla hajakauka. Godoro Kemi aliliosha kwa sabuni mara tatu, akalirudisha chumba cha wageni, na ile kona iliyochanwa na kucha za Koku akasema isizibwe.

Natamani niishie hapo, lakini mwaka haukuishia hapo. Desemba ya kweli ikafika na watu wakaja wote, maana tulikuwa tumeshaambiana imekwisha, tukala sahani moja, tukapokezana mrija wa rubisi. Februari Ta Yeremia akaanza kukohoa. Tulimfukiza kwa majani, mchaichai na malimau, blanketi juu, anatania ndani ya mvuke kwamba tunampika kama ndizi. Nesi alikuja kila siku. Hakuwa na mtungi wa hewa, zahanati haikuwahi kuwa nao. Alikaa anamshika mkono tu, anamhesabia pumzi. Redioni waliita tatizo la upumuaji, na sisi tukaliita hivyohivyo. Hakuna aliyempima, na hakuna aliyeuliza ilitoka wapi. Siku ya kumzika, Ma Ernestina alipiga simu kutoka Dar, nikaweka spika juu ya kaburi, na tukasikia anatafuna. Alitafuna tu mpaka salio likakata.

Tangu hapo ikawa desturi yetu sisi wawili. Kila Desemba gari likisimama getini, kabla sijafungua, kioo kinashuka, unatoka mkono na kiganja wazi. "Mujuni, lete salamu zangu. Na nionyeshe mdomo wako." Nafungua mdomo, anakagua kama daktari wa meno, watoto wanacheka, ndipo naweka buni kiganjani. Nikawa sitafuni kabisa.

Leo Jumamosi gari limefika. Toka asubuhi majirani wamepita getini na vifurushi vyao, majani ya mgomba, vikapu, Ma Paulina amezeeka sana anatembea na fimbo, na kila mmoja ananikabidhi na kuniangalia mdomo. Nikavipokea vyote kwenye ungo. Gari likasimama palepale linaposimama siku zote. Hakuna kioo kilichoshuka. Nikabaki nimesimama na ungo wangu, Kemi ananitazama kutoka kiti cha mbele. Nikasikia navutwa shati. Ernestina mdogo, gauni la kanisani, meno mawili ya mbele hayapo, kanyoosha kiganja.

"Mjomba, za bibi nipe mimi."

"Ni chungu, wewe."

"Nipe."

Nikampa moja. Akaunganisha mikono miwili kama alivyofundishwa, akaitia mdomoni. Uso ukakunjamana, machozi yakamtoka, akanitazama kwa hasira kana kwamba nimemdanganya. Lakini hakutema. Nami nikafungua geti.